Mkufunzi Aliyeshuku Majibu Mazuri

Ifakara nzima tulimwita Mkufunzi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina analo na ndugu anao, lakini habari za alikozaliwa na waliomzaa hazitanisaidia kumweleza. Nilifanya naye kazi miaka kadhaa katika chumba kimoja chenye kompyuta mbili, simu ya mezani na feni iliyozunguka pale umeme ulipotaka, na katika muda wote huo sikumwona akiamini jambo mara ya kwanza kulisikia. Ukimwambia mvua imenyesha Kiberege, atakuuliza, "Umeiona au umesimuliwa?" Ukisema umesimuliwa, atataka kujua na nani, na huyo mtu ana shida gani na mvua.

Chumba chetu kilikuwa kituo cha chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, barua pepe ndiyo kwanza imefika bondeni, na wakubwa wa chuo walikuwa wameamua kwamba mtu anaweza kusomea digrii bila kuhama kwake. Wahadhiri waliandika masomo huko mjini wakayatuma kwa njia ya simu. Modemu ililia kama paka aliyebanwa na mlango, na somo likishafika wanafunzi walilisoma kwenye kioo, au tukawachapia nakala za kwenda nazo nyumbani. Majibu yao yalirudi mjini kwa njia ile ile. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, nikaazimwa kituoni kwa sababu nilijua kuchapa bila kuangalia vidole. Yeye aliletwa kufanya kazi ambayo wengi wetu hatukujua kwamba ni kazi: kuchukua somo la mhadhiri na kulitengeneza upya, ili mtu aliye peke yake, asiye na wa kumuuliza, aweze kujifunza nalo.

Siku yake ya kwanza nilimpa somo la matumizi ya ardhi, lililoandikwa na mhadhiri mwenye jina kubwa. Alilisoma amesimama, anatafuna hindi la kuchoma.

"Huyu anaongea na nani?" akaniuliza.

"Na wanafunzi, Mama."

"Hapana. Anaongea na wahadhiri wenzake. Wanafunzi wamepita tu dirishani wakasikia." Akaliweka mezani, akachukua kalamu, akaanza kukata. Alikata mpaka nikaona haya kwa niaba ya mwenye somo.

Namna yake ya kulijaribu somo ilikuwa kumkalisha mtu mbele ya kioo, yeye akakaa nyuma yake, akamtazama shingo. Hakutazama uso, kwa sababu uso, alisema, mtu anaupanga. Shingo ikiinama upande, aliandika ni mstari wa ngapi. Mkono ukienda kukuna kisogo, aliandika. Msomaji akirudi juu kusoma tena, aliandika, na jioni mistari yote ile iliandikwa upya. Watu wazima, wengine wakuu wa idara, walitoka pale wamelowa jasho kama waliotoka kwa daktari wa meno.

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "nimeelewa". Nakumbuka bwana shamba mmoja wa Michenga, mtu mpole, alipomaliza somo la hewa na maji ndani ya udongo akageuka akatabasamu.

"Nimeelewa, Mama."

"Umeelewa nini?"

"Somo."

"Haya. Yule mama anayeuza vitumbua pale nje, nenda kamweleze. Halafu mimi nitamuuliza yeye."

Bwana shamba akatutazama mimi na yeye, akidhani ni mzaha. Akaenda. Tulimwona kupitia dirisha akirusha mikono, yule mama akigeuza vitumbua vyake bila kumtazama. Baadaye Mkufunzi akatoka, akanunua vitumbua viwili, akauliza, "Amekwambia nini?"

"Amesema udongo una pumzi," akajibu yule mama. "Sasa sijui unapumulia wapi."

Mkufunzi akarudi ndani na vitumbua vyake. "Hajaelewa," akaniambia, "lakini kosa si lake. Na sisi hatujasema unapumulia wapi." Somo likaandikwa upya tena.

Jambo jingine lilikuwa urefu. Wahadhiri walipima somo kwa kurasa. Yeye alilipima kwa maharage. Somo, alisema, linapaswa kuanza sufuria inapowekwa jikoni na kwisha kabla maharage hayajaiva, maana maharage yakiiva mwanafunzi ataitwa, na akiitwa harudi. Ili ajue hayo ilimbidi aingie kwenye nyumba za watu. Alikwenda kwa miguu, mwavuli mweusi kwapani hata wakati wa kiangazi, akabisha hodi kwa wanafunzi wetu mmoja mmoja, akauliza wanasomea taa gani, meza ni ya nani, watoto wanalala saa ngapi, na ni nani humo nyumbani anayechukia kuona kitabu kimefunguliwa.

Hapo ndipo mji ulipoanza kumwogopa. Ilikuwa miaka ambayo vyama vingi bado ni vipya, na mtu anayeuliza maswali nyumbani kwako ulimfikiria mara mbili. Wengine walisema ni wa usalama. Wengine walisema ametumwa kutafutia matajiri mashamba ya kando ya mto, ndiyo maana anauliza nani analima wapi. Mume wa mwanafunzi wetu mmoja alimzuia mlangoni.

"Taa yangu inamhusu nini mtu wa chuo kikuu?"

"Mkeo anasomea taa hiyo, baba."

"Na wewe unaandika. Unaandika ili umpe nani?"

Mkufunzi akasema, "Swali zuri. Ningekuwa wewe na mimi ningeuliza." Akaaga akaondoka. Nilimwona hakuudhika hata kidogo. Nadhani mume yule ndiye mtu pekee wa mtaa ule ambaye Mkufunzi alimpa heshima ya kweli.

Nami pia nilimshuku, niseme wazi. Alikuwa na mawasiliano yake na Dar es Salaam ambayo hakunionyesha. Mara nyingine niliingia akafunga alichokuwa anaandika. Alijua habari za watu kuliko alivyostahili kujua, na hakuwahi kusimulia zake. Nilipomuuliza kwa nini mtu wa kiwango chake amekuja kukaa Ifakara, alinijibu kwamba hata yeye angependa kujua kwa nini nauliza.

Lakini kulikuwa na mambo ambayo hayakukaa pamoja. Mtu huyu alikuwa na beseni lake dogo la kwenda nalo sokoni, akalijaza maji pale pale mbele ya muuzaji, akatumbukiza mayai moja moja aone lipi linaelea. Maji ya kunywa aliyachemsha, halafu akamuuliza mpishi kama kweli yalichemka. Mtu huyu huyu aliutundika ufunguo wa kituo kwenye msumari nje ya mlango, mahali kila mtu alipojua. Nilimkatalia.

"Mama, kompyuta zitaibiwa."

"Labda. Lakini mtu ametoka Mngeta juu ya lori la mpunga, amefika kakuta mlango umefungwa. Huyo harudi tena, na hakuna atakayejua kwamba tumempoteza."

Haikuibiwa kompyuta. Lilipotea birika tu, na yeye akasema aliyelichukua bila shaka alikuwa na kiu.

Tena, hakuvumilia kusifiwa. Ukimwambia somo hili limekaa vizuri, alikuuliza unataka nini. Na yeye mwenyewe hakumsifu mtu. Mwanafunzi akiumwa alimpelekea uji wa pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, ndani ya chupa ya chai, akaitua mlangoni, akaondoka kabla hajashukuriwa. Lakini mwanafunzi huyo huyo akifanya kazi nzuri, alichopata kwake ni swali jingine gumu zaidi. Nilimwambia siku moja kwamba watu wanahitaji kuambiwa wanapofanya vizuri. Akasema, "Wakiambiwa wanaacha kutafuta." Nikaona ana jibu, nikanyamaza. Sasa naona sikupaswa kunyamaza.

Kozi yetu ya kwanza ilikuwa hiyo ya mazingira na matumizi ya ardhi. Walijiandikisha walimu, mabwana shamba, karani mmoja wa kiwanda cha sukari, na kadhalika. Mwisho wa muhula matokeo yakaja, na karibu wote walifaulu. Chuo kilifurahi sana. Msimamizi wa mpango mzima, ambaye tulimwita Profesa, alipiga simu mwenyewe kutupongeza, nami nikaona leo Mkufunzi atacheka. Badala yake aliomba nimchapie majibu yote, akayatandaza sakafuni, akavua viatu akatembea katikati yake.

"Hawa wote wameturudishia maneno yetu," akasema. "Tazama. Sisi tumesema 'mmomonyoko unaathiri rutuba', na wao wamesema mmomonyoko unaathiri rutuba. Tumewapa sahani, wameiosha, wameturudishia." Kisha akasimama. "Isipokuwa huyu."

Yalikuwa majibu ya Mwalimu Tekla, anayefundisha shule ya msingi kule Mofu. Hakuwa akija kituoni ila mara chache. Aliandika kwa mkono, akampa kondakta wa gari la Ifakara, mimi nikamchapia na kuyatuma. Swali lilikuwa kama mkulima wa bondeni aache kulima ukingoni mwa mto. Tekla alianza kwa kusema aache, kwa sababu kingo zinabomoka. Mara akageuka: akiacha atakula nini, na si mafuriko hayo hayo yanayoleta tope jipya la kulimia? Mara akageuka tena: tope hilo linatoka kwenye shamba la nani huko juu? Nililichapa jibu hilo mwenyewe, na nakumbuka niliacha kuchapa nikafikiria shamba la marehemu baba.

"Ni zuri sana," nikasema.

"Zuri mno. Huyu anajikatiza. Mtu anayesoma peke yake hajikatizi namna hii, anakwenda mbele tu kama ng'ombe anayerudi zizini. Humu ndani kuna watu wawili."

"Mama, si inawezekana ana akili tu?"

"Inawezekana. Nataka kuiona hiyo akili imekaa wapi."

Wakati huo huo Profesa alikuwa ameyasoma majibu hayo, na alikuwa na mpango wake. Wageni kutoka kwa wafadhili walikuwa wanakuja kutazama vituo, na kama wangeridhika, kozi zingefunguliwa mikoa mingi. Mwalimu wa kike, wa kijiji cha mtoni, anayejibu vile: alimtaka asimame mbele ya wageni. Akatuagiza tumwandae Tekla.

Tulikwenda Mofu kwa pikapu ya mtu wa mpunga. Baada ya Idete barabara ilikuwa tope tupu, na mwisho tulishuka tukatembea, Mkufunzi amebeba viatu mkononi na mwavuli kwapani. Tulipofika kwa Tekla tulisikia michi kabla hatujaona watu. Nyuma ya nyumba wanawake wawili walikuwa wanatwanga mpunga kwenye kinu kimoja kwa zamu, huyu anainua huyu anashusha. Kwenye ukuta wa jiko ulikuwa umebandikwa ukurasa wa somo letu, umeingia moshi. Na walikuwa wanagombana.

"Mto haujahama, Tekla. Watu ndio wamesogea."

"Umehama! Babu alikuwa anavua pale shule ilipo."

"Babu alikuwa anavua popote penye maji. Hiyo si hoja."

"Basi nipe wewe hoja."

"Niipeleke wapi, na mimi si mwanafunzi?"

Wakacheka, michi ikaendelea. Nilitaka kupiga hodi, Mkufunzi akanishika mkono kwa nguvu. Tukasimama pale kama wezi, tukisikiliza, mpaka mtoto alipotuona akapiga kelele.

"Karibuni, karibuni! Shikamoo, Mama." Tekla alifuta mikono akatuletea mkeka. Alikuwa mwembamba, mwenye macho yanayokutazama mpaka unapomaliza sentensi yako. Yule mwingine alikuwa wifi yake, Prisila, naye mwalimu shule ile ile. Ilikuwa hivi: wote wawili waliomba nafasi chuoni, Tekla akachukuliwa, Prisila akakataliwa kwa sababu matokeo yake ya kidato cha sita hayakutosha. Basi nakala ikifika nyumbani, Tekla anaisoma kwa sauti wakati wa kutwanga au kupika, Prisila anampinga, na jioni Tekla anaandika kilichobaki baada ya ugomvi.

"Hatukujua kama ni kosa, Mama," Tekla alisema. Alikuwa ameona kitu usoni mwa Mkufunzi. "Mmetuandikia pale mwanzo, mwanafunzi ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Na haya ni maneno yetu."

"Mimi kusoma sikuruhusiwa," Prisila akasema. "Lakini kusikia je?"

Na Mkufunzi akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona anacheka namna ile, mpaka akashika ubavu. Alikaa mchana kutwa. Alikula wali na kambare bila kuuliza chochote kuhusu maji. Aliwapa somo ambalo lilikuwa bado halijatumwa kwa wengine, akawaomba walisome mbele yake, na walipoanza kupingana alipiga magoti karibu nao kama mtoto anayeangalia mchezo wa bao. Tulipoaga, Tekla alitusindikiza akiwa na raha kabisa. Aliamini mambo yamekwisha vizuri. Na mimi niliamini hivyo.

Njiani Mkufunzi alitangulia, viatu mkononi. Nikamuuliza atafanya nini.

"Sijui," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hajui jambo linalomhusu, na sikumwamini.

Siku ya wageni tulifagia kituo, tukaazima viti kanisani. Tekla alikuja amevaa kitenge kipya, Prisila amekaa karibu na dirisha na mtoto wa Tekla mapajani. Profesa alizungumza vizuri, kama kawaida ya watu wa cheo chake. Akasema sasa mtawaona wenyewe matunda ya kazi yetu, Mwalimu Tekla karibu mbele. Tekla akainuka. Mkufunzi naye akainuka.

"Samahani, Profesa. Kabla hajazungumza, wageni wajue wanachokisikiliza." Sauti yake ilikuwa ya chini, tukasogea mbele kumsikia. "Kozi hii imeshindwa. Karibu wote waliofaulu wamenakili maneno yetu. Waliojifunza ni wawili tu, huyu na wifi yake aliye pale dirishani, na wamejifunza kwa sababu walibishana. Mimi nilitengeneza masomo ya mtu mmoja, na mtu mmoja hana wa kumkatalia. Naomba kozi yote itengenezwe upya, kila mwanafunzi awe na mwenzake wa kubishana naye."

Wageni walikuwa wanaandika. Profesa hakuwa anaandika.

"Mama Mkufunzi, unasema mwanafunzi huyu amesaidiwa kwenye majibu yake?"

"Nasema amejifunza."

"Nimekuuliza amesaidiwa au hakusaidiwa."

Tekla alikuwa bado amesimama, mkono mmoja juu ya kiti kilicho mbele yake. Alimtazama Mkufunzi kwa macho yale yale ya kusubiri umalize.

"Amesaidiwa," Mkufunzi akasema.

Kanuni ya chuo ilikuwa fupi. Maksi za Tekla zilifutwa zote, akasimamishwa kwa mwaka mzima, na jina lake likabandikwa kwenye ubao wa kituo chetu pamoja na sababu, mahali kila mwalimu wa wilaya angepita akasoma. Na mgeni mmoja, mama fulani mtu mzima, alikuwa amemwita Prisila pembeni siku ile ile, akamweleza kwamba upo mtihani wa kuingia chuo kwa watu wasio na matokeo ya kutosha. Prisila akaufanya, akafaulu, akaandikishwa. Kwa hiyo katika ua ule mmoja wa Mofu, yule aliyekuwa mwanafunzi aliacha kuwa, na yule aliyekataliwa akawa. Niambieni, hapo watu wanatwanga vipi kinu kimoja?

Nilimvaa Mkufunzi asubuhi iliyofuata siku ya wageni. Niliona sina haja tena ya kumwogopa.

"Ungemwambia Profesa pembeni."

"Pembeni angelizima."

"Na Tekla?"

"Nilijua anaweza kuumia."

"Ulijua?"

"Nilijua anaweza. Nilitumaini wataona walichonacho." Akawasha kompyuta. "Niletee somo la nne, tafadhali."

Mjini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Waliosema zamani ni mtu wa usalama walisema mmeona sasa. Wengine walisema alimwonea wivu mwalimu kijana. Mimi nilikuwa na shaka mbaya zaidi: kwamba hakumwona Tekla kabisa, aliona somo tu. Shaka hiyo ilizidi chuo kilipokubali, baada ya kuvutana sana, kuandikisha wanafunzi wawili wawili. Profesa alilitangaza kama wazo lake, na Mkufunzi hakudai kitu, hata kwa kununa. Kama alifanya yote kwa ajili ya sifa, basi sifa zilipita mlangoni pake hakuzisalimia. Lakini masomo aliyoyatengeneza mwaka ule, yenye maswali yaliyowagombanisha watu kwa adabu, yalikuwa bora kuliko yote tuliyowahi kutoa. Wanafunzi walibishana hadi barabarani. Alifanya kazi kwa furaha, akiimba vibaya. Furaha yake ndiyo iliyonishinda kusamehe.

Kisha akaondoka. Hakuagwa, alikataa. Tulisikia amehamia Kiberege, amekodi shamba la mpunga na anafuga bata.

Mwishoni kabisa mwa miaka hiyo nilikuwa natoka Kidatu, gari likasimama Kiberege, nikamwona sokoni na beseni lake, anabishana na muuza mayai. Alikuwa amekonda. Nilishuka nikamwamkia. Hakuniuliza habari za kituo wala za chuo.

"Tekla amerudi kusoma?"

"Hapana, Mama. Mwaka wa adhabu ulikwisha, hakurudi."

"Umemwona au umesimuliwa?"

"Nimesimuliwa. Na Prisila."

"Basi twende," akasema, na nilidhani anamaanisha siku nyingine, lakini alikuwa anamrudishia muuzaji mayai yake.

Tulilala Ifakara, mimi kwangu na yeye nyumba ya wageni, na asubuhi tukapanda gari la Mofu. Kilikuwa kiangazi, barabara nyeupe kwa vumbi, mpunga umeshavunwa. Tekla tulimkuta uani anapepeta. Prisila alikuwa Dar es Salaam kwenye mitihani yake. Tekla aliweka ungo chini, akasema shikamoo, maana Mkufunzi ni mtu mzima na heshima ni heshima, akatuletea viti. Mkeka safari hii hakuutoa.

"Nimekuja kukuomba urudi kusoma," Mkufunzi akasema.

Tekla alifikiri. "Mara ya kwanza ulikuja kuona kama nipo," akasema. "Ulipoona nipo, ukanifuta."

"Ndiyo."

Nilisubiri aeleze. Nilijua maelezo yote ambayo angeweza kutoa, nilikuwa nimeyasikia. Hakutoa hata moja. Alikaa na mikono yake mapajani, na Tekla naye akakaa, kuku wakaja kwenye ungo hakuna aliyewafukuza. Baadaye Tekla akaenda jikoni, akatupikia, tukala. Waliongea habari za mvua na bei ya mbegu. Ningekuwa mpita njia nisingejua kuna jambo kati yao.

Saa ya gari ilipofika alitusindikiza mpaka barabarani. Tulikuwa tumesimama kivulini mwa ukuta wa shule yake aliposema, bila kututazama, "Mama. Majibu yangu yale. Yalikuwa mazuri?"

Mkufunzi alimgeukia.

"Yalikuwa mazuri kuliko masomo yote niliyowahi kuandika."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Hata siku ile. Ulisema tumejifunza. Ulisema tumebishana. Ulisema nimesaidiwa. Watu wote wale walikuwepo." Tekla alikuwa anaongea taratibu kabisa. "Ungesema ni mazuri. Ungeanza na hilo, halafu yafutwe."

Gari lilikuwa linakuja, tuliliona kwa vumbi lake. Mkufunzi alimshika Tekla mkono, mkono wa Tekla haukukaza wala haukutoka. Halafu Tekla akasema safari njema, akageuka, watoto wa shule wakamkimbilia, akawa anawauliza mbona hawajaenda nyumbani.

Ninaowasimulia habari hii hunikatiza hapa wakitaka kujua kama Tekla alirudi kusoma. Hakurudi. Anafundisha darasa la tano pale pale Mofu, na wazazi wanahamisha watoto wao kutoka vijiji vingine wapate kusoma kwake. Siku ile garini Mkufunzi alikaa mbele na dereva. Karibu na Idete nilimwona anafuta uso kwa ncha ya kitenge. Vumbi lilikuwa jingi, ni kweli, sote tulikuwa tunajifuta. Nilitaka kuuliza. Nikaangalia mashamba mpaka tukafika.